Somo: Kupata rekodi za benki Mombasa kampuni inapofilisiwa ng'ambo

Chukulia kampuni ya kuagiza magari imefilisiwa London, na pesa zake zilikuwa zikipita kwenye akaunti iliyo hapa Mombasa. Mfilisi wa kule, yaani aliyeteuliwa kukusanya mali za kampuni na kuwalipa wanaoidai, anamwandikia barua meneja wa tawi, anajibiwa kwa heshima kwamba haiwezekani. Meneja hana kosa. Siri ya mteja ni wajibu wa benki, na barua ya mfilisi wa kigeni si amri ya mahakama ya Kenya. Lakini madereva na mawakala wa forodha wanaodai jasho lao Kilindini hawatalipwa mpaka ijulikane pesa zilikwenda wapi, kwa hiyo kazi hii ifanywe sawasawa.

Hatua ya kwanza ni kutambuliwa. Kifungu cha 720 cha Sheria ya Ufilisi ya 2015 kiliipa nguvu nchini Kenya sheria ya mfano ya UNCITRAL (tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa) ya 1997 kuhusu ufilisi unaovuka mipaka. Mfilisi anaiomba Mahakama Kuu iitambue kesi ya kule. Anaambatisha nakala iliyoidhinishwa ya uamuzi uliomteua, na maelezo ya kesi zote za ufilisi za nje anazojua zinamhusu mdaiwa, yaani kampuni iliyofilisiwa.

Hatua ya pili, onyesha kitovu cha shughuli za kampuni kiko wapi. Hudhaniwa ni pale ofisi yake iliposajiliwa, ila mtu akithibitisha vingine. Kesi ya kwenye kitovu ndiyo kesi kuu, na ikitambuliwa, kesi dhidi ya mali za mdaiwa husimama, na uwezo wake wa kuzihamisha pia. Ukiona dalili za pesa kuhamishwa mapema, omba amri ya muda siku ile ile unapowasilisha ombi. Usingoje.

Hatua ya tatu ndiyo inayoharibu maombi mengi: maneno ya amri yenyewe. Mahakama ikishatambua, inaweza kuamuru mashahidi wahojiwe au taarifa zitolewe kuhusu mali, shughuli na madeni ya mdaiwa. Ukiomba "nyaraka zote", umejitafutia pingamizi. Andika namba ya akaunti, tarehe ya kuanzia na ya kuishia, kisha taja karatasi moja moja: stetimenti, fomu za kufungulia akaunti, kadi za sahihi, maagizo ya kutuma pesa nje na jumbe zake za SWIFT, mtandao ambao benki hutumiana maagizo ya malipo. Stetimenti itakuambia tu kwamba dola elfu arobaini zimetoka. Agizo la malipo ndilo lenye sahihi ya aliyezitoa, jina la mpokeaji na sababu iliyoandikwa. Mimi ningeridhika na maagizo kumi kuliko stetimenti za miaka mitano.

Amri ipelekwe kwa idara ya sheria ya makao makuu, si kaunta ya tawi. Jiandae pia kulipia gharama za kutafuta na kunakili.

Mwisho, dai cheti. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, nakala ya kitabu cha benki (rekodi zake za akaunti) huandamana na uthibitisho kwamba ni nakala halisi, na kwamba kitabu ni cha kawaida cha benki na bado kiko mikononi mwake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, kama pesa zilihamishiwa akaunti ya mkurugenzi mwenyewe?

Amri inayomtaja mdaiwa pekee haiigusi akaunti hiyo. Leta hati ya kiapo inayoonyesha pesa za kampuni ziliingia humo, uombe amri inayoitaja. Mahakama itapima pia maslahi ya mkurugenzi, na ni haki yake.

Benki ikidai rekodi za zamani hazipo?

Sheria ya 2009 dhidi ya utakatishaji fedha inataka rekodi za miamala zitunzwe angalau miaka 7. Muamala ukiwa ndani ya muda huo, omba ofisa wa benki aape kiapo kueleza rekodi hizo zilikokwenda.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa Changamwe, nadai kampuni iliyofilisiwa Dubai. Naweza kuomba rekodi mwenyewe?

Marahaba. Njia hii ni ya mwakilishi wa kigeni, yaani mfilisi wa kule. Wewe peleka dai lako kwa mfilisi kwa maandishi, na umtumie picha ya hundi au risiti ya benki uliyolipwa nayo mara ya mwisho. Jina la benki na namba ya akaunti ndivyo anavyovihitaji kuandika ombi lake.