Namna ya Kuamua Kama Gego la Mwisho Lililokwama Ling'olewe

Kwa watu wengi, gego la mwisho huchomoza kati ya umri wa miaka 17 na 25, wakati taya limekwisha kujaa meno 28 yaliyotangulia. Likikosa nafasi, huzikwa ndani ya mfupa, hulala likisukuma gego la jirani, au hutokeza ncha tu na sehemu nyingine ikabaki chini ya ufizi. Hilo ndilo gego lililokwama.

Anza kwa kulitazama mbele ya kioo, penye mwanga wa kutosha. Ukiona ncha ya jino imefunikwa nusu na kipande cha ufizi, hapo pana hatari, kwa sababu mabaki ya chakula huingia chini ya kipande hicho, mahali ambapo mswaki haufiki, bakteria wakazaliana na ufizi ukavimba na kutunga usaha. Kinywa hunuka, maumivu hupanda hadi sikioni, na taya hukataa kufunguka sawasawa. Wengi wetu hapo hutafuna karafuu au hukimbilia duka la dawa. Karafuu hutuliza maumivu kweli, na dawa ya kuua bakteria yaweza kupunguza uvimbe, lakini mfuko ule wa ufizi hubaki pale pale, na ndiyo maana maradhi hurudi. Uvimbe unaorudiarudia ni sababu tosha ya kuling'oa. Ukishuka shingoni, au ukiambatana na homa na shida ya kumeza au kupumua, usisubiri miadi: nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sababu ya pili haina kelele, na ndiyo inayonisikitisha zaidi. Gego lililolala huacha mwanya mwembamba kati yake na gego la mbele yake. Uchafu hukaa humo, na gego la mbele, ambalo ni zima na linahitajika kila siku kutafunia, huoza kwa nyuma bila mwenyewe kujua. Mtu huja kuumwa wakati meno yote mawili yameharibika. Mara chache, uvimbe wenye majimaji huota kuzunguka gego lililozikwa na kula mfupa wa taya polepole.

Kwa hiyo omba picha ya eksirei inayoonyesha mataya yote mawili, kisha umwombe daktari akuonyeshe mambo mawili: hali ya gego la jirani, na umbali kati ya mizizi ya gego lililokwama na neva inayopita ndani ya taya la chini. Neva hiyo ikijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu vyaweza kufa ganzi kwa muda, na mara chache ganzi hiyo haiondoki. Kwa kawaida kijana hung'olewa kwa urahisi zaidi kuliko mtu mzima, kwa kuwa mizizi haijakamilika na mfupa bado ni laini.

Ikiwa gego halina ugonjwa wowote, una haki ya kuuliza kwa nini ling'olewe. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2000 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, ulielekeza kwamba magego yaliyokwama yasiyo na ugonjwa yasing'olewe kwa kujihadhari tu. Kuliacha, hata hivyo, si kulisahau. Lichunguzwe kila unapokwenda kwa daktari wa meno.

Mkikubaliana ling'olewe, utachomwa sindano ya ganzi, na huenda ufizi ukapasuliwa, jino likakatwa vipande, kisha pakashonwa. Ng'ata pamba uliyopewa kwa muda ulioelekezwa, kula uji au mtori usio moto, na usisukutue kwa nguvu siku ya kwanza. Baada ya saa 24 tumia maji ya vuguvugu yenye chumvi. Usivute sigara wala kunywa kwa mrija, kwa sababu kuvuta huko kwaweza kuing'oa damu iliyoganda, nayo ndiyo inayofunika mfupa. Maumivu yakizidi siku ya tatu au ya nne badala ya kupungua, huenda damu hiyo imetoka na mfupa umebaki wazi, basi rudi kwa daktari asafishe shimo na kuweka dawa.