Kulifungua kasha la babu aliyefanya biashara Aden: namna ya kuzisoma fedha zake na daftari zake

Kasha la babu lilikaa uvunguni mwa kitanda cha bibi, hapa Mji wa Kale, Mombasa, zaidi ya miaka thelathini. Tulipolifungua tulikuta daftari mbili zilizoandikwa Kiarabu na mfuko wa kitambaa cha marekani umejaa sarafu. Kabla hatujakaa kuzitazama vizuri, binamu yangu alichukua reale nane, zile sarafu kubwa za fedha, akazipeleka kwa sonara. Zikapimwa, zikalipwa kwa gramu, zikayeyushwa siku ile ile. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye kasha kama letu, na najua bado yako mengi, Lamu, Unguja, Pemba na hapa petu.

Usizisugue. Hilo ndilo la kwanza kabisa. Wala limau, wala majivu, wala dawa ya kung'arishia shaba. Ule weusi juu ya fedha ni umri wake, na ukiutoa umeitoa na thamani kwa anayejua kuitafuta. Zipige picha zikiwa bado ndani ya mfuko wake, kwa sababu sarafu zilizolala pamoja mara nyingi ni za msimu mmoja au safari moja, na ukizichanganya hutaweza kuzipanga tena.

Halafu ujue kwa nini ziko za aina nyingi hivyo. Waingereza waliiteka Aden, bandari ya kusini mwa Yemen, Januari 1839 na wakaitawala kutoka India mpaka 1937, ndiyo maana fedha ya serikali ilikuwa rupia. Lakini Mwarabu wa bara aliyeshuka na buni au ngozi alitaka reale, na makaratasi ya serikali hayakumbadilisha nia. Tangu 1850 Aden ilikuwa bandari huru, vyombo viliingia kutoka kila upande, na mfanyabiashara alikuwa akiishi na fedha mbili kwa pamoja: moja ya kulipia ofisini na moja ya kununulia mzigo.

Anza na zile kubwa. Reale ya Sham, kama walivyoiita wazee wetu, ina sura ya malkia Maria Theresa wa Austria amejitanda ushungi, na upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Zote zimeandikwa 1780. Usimwambie mtu una sarafu ya miaka mia mbili na arobaini kwa kuusoma mwaka huo tu. Malkia alifariki 1780 na mwaka ukaachwa palepale, huku sarafu zikiendelea kupigwa Vienna, baadaye Roma, London, hata Bombay wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wateja hawakutaka badiliko hata la nukta.

Kuipima kama ni ya kweli, fanya kama walivyofanya wanunuzi wenyewe. Chukua kioo cha kukuzia, tazama bizimu iliyo begani mwa malkia, uhesabu lulu zinazoizunguka: ziwe tisa. Chini ya sura ziwepo herufi S.F. Kisha izungushe ukingo polepole kwenye mwanga. Utaona maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaliyoinuka kidogo, unaweza kuyahisi kwa ukucha. Bandia nyingi hufeli hapo. Ukingo wake huwa laini, au herufi ni kama zimekwaruzwa na msumari. Mwisho, uzito: reale nzima ni gramu 28 na kidogo.

Huna mizani ya gramu? Iko njia niliyoigundua mezani kwa shangazi, na nimeitumia mara nyingi. Rupia ya fedha ya India ilipigwa kwa uzito wa tola moja, gramu 11.66, tola ile ile ya masonara. Tafuta mizani yoyote ya vitanga viwili. Weka reale tano huku na rupia kumi na mbili kule. Zikiwa hazijalika, vitanga vitasimama karibu sawa kabisa; tofauti haifiki nusu gramu. Mara ya kwanza nilipoviona vimetulia hivyo nilinyamaza kwa muda, maana babu bila shaka aliyajua haya kwa mkono wake.

Rupia zenyewe zisome kwa mwaka. Za Victoria, Edward na George wa Tano ni fedha karibu tupu. Kuanzia 1940 fedha ilipunguzwa ikawa nusu tu, na uzito ukabaki ule ule, kwa hiyo mizani haitakwambia kitu. Za 1947 hazina fedha kabisa. Ukipata ya 1911, itenge. Tembo aliyechorwa kwenye joho la mfalme alionekana kama nguruwe, Waislamu wakaikataa, na mwaka uliofuata mchoro ukarekebishwa.

Usishangae kukuta pia senti za tundu na shilingi zenye simba, zile zile zilizotumika Mombasa na Zanzibar. Hazikuingia mfukoni kwa bahati. Oktoba 1951 Aden iliacha rupia ikaingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu, mpaka 1965 ilipokuja dinari ya Arabia Kusini, dinari moja kwa shilingi ishirini. Kwa miaka kumi na kitu nahodha aliyetoka Mombasa aliteremka Aden na fedha ya nyumbani mfukoni.

Sasa daftari, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kwa tarakimu za Kiarabu, sifuri ni nukta na tano ni duara. Kijana aliyesoma skuli atalisoma duara kuwa sifuri, na deni la 55 litakuwa si kitu. Mbili na tatu za mkono nazo hufanana sana. Linganisha na ukurasa ambao jumla yake unaweza kuihakikisha.

Ukiona 12-8-0, hiyo si kumi na mbili nukta themanini. Ni rupia 12, ana 8, pai 0. Ana kumi na sita ni rupia moja, kwa hiyo ana nane ni nusu: rupia kumi na mbili na nusu, ambayo baada ya 1951 ni shilingi 18 na senti 75. Boriti zimehesabiwa kwa korija, na korija ni ishirini. "Boriti korija 6" ni miti 120. Frasila, kipimo cha uzito cha zamani, usiigeuze haraka kuwa kilo, kwani ilitofautiana bandari na bandari.

Jambo moja nakusihi: usichukue bei moja ya reale ukaitumia daftari nzima. Kwa fedha iliyomo ndani, reale moja ni kama rupia mbili na sehemu ndogo. Lakini 1893 serikali ya India ilifunga viwanda vyake vya sarafu kwa watu waliopeleka fedha yao wenyewe ipigwe, na tangu hapo thamani ya rupia na bei ya madini ya fedha zikaachana. Reale ikapanda na kushuka sokoni. Karani mzuri aliandika bei ya siku pembeni, kwa herufi ndogo. Itafute.

Tarehe ni za Hijria. Mwaka 1371 ulianza mwanzoni mwa Oktoba 1951, karibu siku ile ile shilingi ilipoingia, na katika daftari yetu unaliona hilo kwa macho: ukurasa wa mwisho wa 1370 ni rupia na ana, unaofuata ni shilingi, na babu amepiga mstari mrefu kati yake, akazidisha kila deni kwa moja na nusu, jina kwa jina, chumvi, tende, papa. Majina mawili amezungusha duara. Shangazi, aliye na miaka themanini na minne, aliyatambua yote mawili kabla sijamaliza kuyasoma.