Somo: Kuchagua rekoda ndogo ya bei nafuu kwa ajili ya kwaya na mahojiano

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikirekodi kwaya za Kibosho na Uru, na pia mahojiano na wazee wanaokumbuka jinsi kahawa ilivyopimwa na kulipwa enzi za nguvu za KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa hapa Kilimanjaro mwaka 1933. Kazi hizi mbili hufanywa na mtu mmoja, na mara nyingi kwa mashine moja, lakini mahitaji yake hayafanani. Wengi wanaoniuliza wanunue rekoda gani huanza kwa kutaja kampuni kabla hawajaeleza wanataka kunasa sauti gani na wapi. Nitafuata njia iliyo kinyume: tutaanza na sauti na mahali inapotoka, ndipo twende dukani.

Hatua ya kwanza: Fahamu mahali utakaporekodia

Mzee wa Kibosho atakukaribisha barazani, chini ya bati, migomba ikipigwa na upepo na kuku wakipita miguuni, na kama ni masika mvua itaanza kabla hajamaliza habari za ujana wake. Anayehoji wafanyabiashara wa Soko la Kilombero, Arusha, ana bodaboda na spika za matangazo. Kwaya nayo huimba ndani ya kanisa lenye sakafu ngumu na kuta tupu, ambamo sauti hugonga na kurudi mara nyingi kabla haijazimika.

Hakuna rekoda, hata ya bei kubwa, itakayomtenga mzee na mvua inayopiga bati. Kinachosaidia ni umbali. Mahali pasipo na mwangwi, ukipunguza umbali kati ya kinywa na maikrofoni kwa nusu, sauti ya msemaji huongezeka kwa takribani desibeli 6 (desibeli, au dB, ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali kelele inayotoka mbali hubaki kama ilivyokuwa. Ndiyo sababu rekoda ya kawaida iliyowekwa sentimita 25 kutoka kinywani mwa msemaji huishinda rekoda ghali iliyoachwa upande wa pili wa meza. Naomba msomaji alishike jambo hili kuliko yote yanayofuata, kwa kuwa ndilo litakaloamua ni fedha kiasi gani anahitaji kweli kutumia.

Hatua ya pili: Chagua aina ya maikrofoni

Rekoda hizi huja na maikrofoni mbili zilizojengewa kichwani. Katika baadhi yake, kama Tascam DR-05X, maikrofoni hizo husikia kutoka pande zote. Katika nyingine, kama Zoom H1n iliyotoka mwaka 2018 na Zoom H1essential iliyoifuata mwaka 2024, zimepandanishwa kwa pembe ya nyuzi 90, na kila moja husikia zaidi upande inakoelekea.

Maikrofoni inayosikia pande zote haisumbuliwi sana na upepo wala pumzi ya msemaji, na watu wawili wanaweza kuketi huku na huku wakasikika sawa. Udhaifu wake ni kwamba hunasa pia chumba kizima, mwangwi wake na mlango unaofungwa nyuma yako. Zile zilizopandanishwa hupunguza yanayotoka nyuma, na kwa kwaya humpa msikilizaji picha nzuri ya jukwaa, hata akatambua kwamba soprano wamesimama kushoto na besi kulia. Kama ningeruhusiwa kumiliki moja tu, ningechukua ya namna hii ya pili, kwa sababu makanisa yetu mengi yana mwangwi mzito. Anayefanya mahojiano peke yake, tena katika vyumba tulivu, hatapata hasara akichagua ya kwanza.

Zipo pia rekoda za maongezi, mfano Sony ICD-PX470, yenye hifadhi ya ndani ya GB 4. Kwa mahojiano na kumbukumbu za vikao zinafaa sana, ni nyepesi na betri zake hudumu. Kwa ngoma na tarumbeta sizipendekezi.

Hatua ya tatu: Hakikisha kiwango cha kunasa hurekebishwa kwa mkono

Simu nyingi na baadhi ya rekoda za maongezi hujirekebisha zenyewe: sauti ikiwa ndogo huipandisha, ikiwa kubwa huishusha. Kwa mazungumzo utaratibu huo huvumilika. Kwa muziki huharibu kazi, kwa maana ngoma ikipigwa waimbaji wote hushushwa pamoja nayo, na kwaya inapotulia kati ya ubeti na ubeti, mngurumo wa chumba hupanda kama maji. Mwalimu aliyewafundisha waimbaji wiki nyingi kuimba polepole kisha kupaza hatausikia tena utofauti huo.

Kwa hiyo tafuta mashine unayoweza kuipangia kiwango. Waombe waimbe sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote, rekebisha hadi kilele kiguse karibu na -12 dB kwenye kipimo cha rekoda, ambacho mwisho wake ni 0, kisha usiiguse tena. Sauti ikifika 0 dB hupasuka, na iliyopasuka hairekebishiki vizuri baadaye. Ukirekodi kwa biti 24 badala ya 16 (biti zikiwa nyingi, sauti hupimwa kwa undani zaidi), unaweza kuacha nafasi hiyo ya usalama bila hofu, kwa sababu sauti ndogo haitamezwa na mchakacho wa mashine ukiipandisha nyumbani.

Zoom H1essential hutumia mfumo wa biti 32 wa nukta inayoelea (32-bit float), ambao haumhitaji mtumiaji kupanga kiwango kabla ya kurekodi. Ni msaada mkubwa kwa anayefanya kazi peke yake. Hata hivyo, mfumo huo hauilindi maikrofoni yenyewe, ambayo sauti kali kupita uwezo wake bado huielemea, na faili zake zinataka kusawazishwa kwa kompyuta kabla ya kumpa mtu mwingine. Programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, inatosha kwa kazi hiyo.

Hatua ya nne: Tazama matundu

Rekoda iwe na tundu la hedifoni na tundu la maikrofoni ya nje, basi. Matundu makubwa ya XLR, yaani ya pini tatu kwa maikrofoni za kitaalamu, yenye kuzipa maikrofoni hizo umeme wa volti 48, hupandisha bei, na anayeanza hana maikrofoni za kuyachomekea.

Hatua ya tano: Umeme na memori kadi

Napendelea mashine zinazotumia betri za kawaida za AA au AAA, kwa kuwa umeme ukikatika Machame, dukani kando ya barabara zinapatikana. Ukitumia za kuchaji, ambazo zina volti 1.2 badala ya 1.5, ieleze rekoda hivyo kwenye orodha yake ya mipangilio. Usipofanya hivyo kipimo cha betri kitakudanganya. Power bank pia hufaa, ila baadhi hujizima zenyewe zikiona mashine inavuta umeme kidogo mno, kwa hiyo ijaribu saa nzima nyumbani kwanza.

Faili la WAV, yaani lisilobanwa, la stirio kwa 44.1 kHz (sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde) na biti 16 huchukua takribani MB 10 kwa dakika, na kwa 48 kHz na biti 24 takribani GB 1 kwa saa. Kadi ya GB 32 inatosha siku nyingi. Tatizo ni kadi bandia, zilizoandikwa ukubwa zisiokuwa nao: hupokea faili bila kulalamika, kisha unapofungua hukuti kitu. Ukinunua kadi mpya, ijaze yote na kuikagua kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta ya Windows, halafu iformati ndani ya rekoda yenyewe.

Hatua ya sita: Gawa fedha kabla ya kulipa

Rekoda nilizozitaja za Zoom na Tascam zimekuwa zikiuzwa huko Marekani kwa bei isiyo mbali sana na dola 100, na mpaka zifike Arusha au Moshi kuna usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Usimalize fedha zote kwenye mashine. Kofia ya manyoya ya kuzuia upepo ni ya lazima kwa anayerekodi nje, sponji nyembamba inayokuja na baadhi ya mashine haitoshi upepo wa jioni unapoanza kushuka mlimani. Hedifoni zinazofunika masikio nazo ni za lazima. Stendi ndogo ya miguu mitatu ni nzuri, lakini kanga iliyokunjwa mara nne chini ya rekoda huzuia mitetemo ya meza vizuri kabisa.

Hatua ya saba: Ijaribu mbele ya muuzaji

Nenda na betri, kadi na hedifoni zako. Rekodi kimya cha nusu dakika huku kiwango kikiwa juu, usikilize mchakacho. Sema ukiwa karibu, kisha ukiwa mbali. Tikisa kidogo pini ya hedifoni uone kama sauti inakatika.

Jifunze pia pale pale maana ya taa yake nyekundu. Baadhi ya rekoda hutaka kitufe kibonyezwe mara mbili: mara ya kwanza taa humetameta na namba za kiwango hucheza, lakini hakuna kinachorekodiwa mpaka ubonyeze tena. Niliwahi kukaa na babu mmoja wa Uru kwa saa moja na nusu, nikiwa na rekoda ya kuazima, naitazama taa ikimetameta nikiamini inafanya kazi. Nilimwomba radhi, akakubali turudie wiki iliyofuata, lakini wimbo wa kuvuna ulezi alioukumbuka siku ile ya kwanza haukumrudia. Tangu hapo sitazami taa, natazama saa ya rekoda kama sekunde zinasonga.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Marangu:* Shikamoo mwalimu. Nina simu nzuri ila sina fedha ya rekoda kwa sasa. Bibi yangu ana umri mkubwa na ningependa kurekodi masimulizi yake. Nisubiri?

*Jibu:* Marahaba. Usisubiri hata wiki moja. Nunua maikrofoni ya kubana kwenye nguo, kama BOYA BY-M1, ambayo waya wake una urefu wa mita 6, ibane upana wa kiganja chini ya kidevu cha bibi, weka simu katika hali ya ndege ili isiite katikati ya maneno, na uanze. Mwombe ruhusa huku mashine ikiwa imeshawashwa, ili idhini yake ibaki ndani ya faili lenyewe. Rekoda utainunua baadaye.

*Mwanachama wa Sakina, Arusha:* Hiyo maikrofoni ya kubana ninayo, tena kwenye simu inafanya kazi vizuri. Nikiichomeka kwenye rekoda sauti ni hafifu sana au haipo. Je, tundu limeharibika?

*Jibu:* Huenda halijaharibika, kaka. Tazama pini: ya simu ina mistari mitatu myeusi, ya rekoda na kamera ina miwili, na nyaya zake za ndani hazikupangwa kwa namna moja. Kama yako ni BY-M1 ya kawaida, ina swichi ya kuchagua simu au kamera. Ipeleke upande wa kamera na uhakikishe kibetri chake kipo. Kama haina swichi, tafuta kiunganishi cha kubadilisha pini ya mistari mitatu kuwa ya miwili.

*Mwanachama wa Ngaramtoni:* Bwana asifiwe. Bendi yetu ya tarumbeta inapasua sauti kwenye rekoda hata nikishusha kiwango hadi mwisho. Tununue yenye biti 32?

*Jibu:* Amen. Kabla ya kutumia fedha za bendi, songeni nyuma. Kama mko mita 2 kutoka kwenye tarumbeta, nendeni mita 4, kisha 8, kila mara mkisikiliza. Uwanjani kila umbali unapozidishwa mara mbili mnapunguza desibeli 6. Inueni rekoda juu ya vichwa, isikae sawa na midomo ya tarumbeta, kwa maana chombo hicho hurusha sauti yake mbele moja kwa moja. Sauti ikiwa inapasuka ndani ya maikrofoni, biti 32 hazitaitengeneza. Ikiwa mkisogea nyuma inakuwa safi na mkakosa mahali pa kusogea kanisani, hapo niandikieni tena tuangalie mashine nyingine.

*Mwanachama wa Himo:* Naweza kuchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mixer ya kanisa?

*Jibu:* Unaweza, na kwa mahubiri ndiyo njia bora. Lakini sauti inayotoka kwenye mixer ina nguvu kubwa kuliko ya maikrofoni, hivyo ichukue kwenye tundu la kurekodia lenye kitasa chake, anza kikiwa chini kabisa, na kama rekoda ina mpangilio wa kupokea sauti ya namna hiyo, uwashe. Kumbuka kwamba mixer haina waimbaji wasioshika maikrofoni. Kwa kwaya kamili, weka rekoda mbele yao, hatua tatu au nne kutoka mstari wa kwanza, juu kidogo ya vichwa.

*Mwanachama wa Pasua, Moshi:* Nimepata habari ya Zoom H4n iliyotumika inayouzwa, bei nzuri. Nichukue?

*Jibu:* Ile ya awali ilitoka mwaka 2009, na H4n Pro ya mwaka 2016 iliboreshwa hasa kwenye mchakacho, kwa hiyo soma jina lililoandikwa juu yake. Chomeka maikrofoni katika kila tundu la chini, washa volti 48, sikiliza. Ikipita majaribio hayo, ichukue, na nunua betri za kuchaji za kutosha, kwa kuwa huzila haraka.

*Mwanachama wa Usa River:* Mwenzangu tunayerekodi naye haoni. Ipo anayoweza kuitumia bila kunitegemea?

*Jibu:* Ipo, dada. Zoom H1essential, H4essential na H6essential zina maelekezo ya sauti yanayosoma mipangilio, kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa. Mpeleke dukani aishike mwenyewe, avipapase vitufe, arekodi na kusikiliza bila wewe kumsaidia, kisha umwachie yeye achague.