Kabla hujaagiza kabro ama Mazeras, angalia kwanza udongo wako

Hapa Nairobi mtu anaanza mambo ya njia ya geti mpaka mlangoni, ama kale kabaraza ka kukaa nje jioni, kwa kuchagua rangi. Ameona picha kwa simu, anapigia fundi, wiki ijayo lori liko getini linashusha kabro, zile tofali za konkriti za kupanga chini, ama Mazeras, yale mawe bapa ya kutandaza. Mimi nakuomba sana uanzie chini, kwa sababu hicho kitu utakachokanyaga ni sehemu ya mwisho kabisa.

Kama uko pande za Utawala, Ruai, Embakasi, mpaka kule Syokimau na Kitengela, mara nyingi umekalia udongo mweusi, ile blakikotoni. Huu udongo ukinyeshewa unavimba, jua likiwaka unanywea unapasuka nyufa zinazoingia vidole. Sisi nyumbani tuliwekewa kabro juu yake, fundi akasema atamwaga tu maramu kidogo, ule udongo wa changarawe, na kushindilia, mvua ya Machi mpaka Mei ikapita, kiangazi kikaja, njia ikawa mawimbi. Kabro moja ilikuwa imeinuka kama unene wa kidole, na mama yangu anatembea na mkongojo. Alijikwaa hapo mara mbili. Hiyo kazi tulifumua yote tukarudia, kwa hivyo tukalipa mara mbili.

Kwa hivyo chimba shimo moja la majaribio, jembe na sururu zinatosha, uone weusi unaishia wapi. Huo mweusi unatolewa, unabebwa uende, alafu panajazwa mawe yaliyovunjwa na maramu, tabaka moja moja, kama sentimita 15 kila moja, na kila tabaka linapigwa kompakta, ile mashine ya kushindilia, kabla lingine halijamwagwa. Fundi akikwambia atajaza yote mara moja alafu apige juu, kataa, kwa sababu ile mashine haifiki chini. Wa udongo mwekundu, kina Kikuyu, Lavington na Kiambu, nyinyi mko na nafuu, hautikisiki hivyo na maji yanapenya, lakini unapaka kila kitu rangi, so ukichagua jiwe jeupe karibu na maua jua kila mvua ikinyesha utakuwa na brashi mkononi.

Alafu maji. Subiri mvua kubwa inyeshe, toka na mwavuli usimame hapo uangalie yanatoka wapi na yanatuama wapi. Kama mvua hakuna, mwaga ndoo. Njia yako inafaa iinamie mbali na nyumba, kama sentimita 2 kwa kila mita, na uso wake ukikamilika ubaki chini ya ule mkanda wa kuzuia unyevu kwa ukuta, angalau sentimita 15. Ukiufunika, maji yatapanda ukutani na rangi ya sebuleni itaanza kubambuka, na hutajua imetoka wapi.

Sasa ndio tuongee kuhusu vitu vyenyewe. Kabro kwangu ndiyo ya kwanza kwa udongo mweusi, kwa sababu hata ardhi ikisogea kidogo unaweza kutoa chache, usawazishe, urudishe, na bomba la maji likipasuka chini huhitaji kuvunja konkriti. Angalia unene. Ya milimita 50 ni ya miguu, 60 inabeba gari dogo, lakini jiulize, je, lori la maji huingia kwenu? Lita 10,000 ni tani 10 za maji peke yake, kabla hujahesabu lori, na lile la kunyonya choo pia linakuja siku moja. Hapo nunua ya 80. Zile za mstatili za sentimita 20 kwa 10 zinaingia 50 kwa mita mraba, kwa hivyo pima mwenyewe usingoje hesabu ya muuzaji. Ukiwa kwa yadi, chukua mbili uzigonganishe, nzuri inalia kali kama chuma, mbaya inalia duu na pembe zinamomonyoka mkononi. Uliza zimetengenezwa lini, simiti inataka kama siku 28 ikomae na wengine wanauza ikiwa na wiki moja. Na usisahau kingo za konkriti pembeni, bila hizo kabro zinatawanyika polepole mpaka mchanga wa katikati unaisha.

Mazeras ni nzuri kwa macho, siwezi kukataa, zile za manjano na za kahawia zikilowa zinapendeza kweli. Ni jiwe la mchanga kutoka huko Mazeras, Pwani, limesafiri zaidi ya kilomita 400, so bei ya usafiri iko ndani. Linataka kitanda cha konkriti, na konkriti juu ya udongo mweusi ambao haujatolewa itapasuka tu. Chagua vipande mwenyewe, vile vinavyobanduka tabaka tabaka ukivikwaruza na msumari wacha.

Taili zinazong'aa usiweke nje. Omba muuzaji kipande kimoja, kimwagie maji, kanyaga na slipasi ulizovaa. Upande usioona jua ni mbaya zaidi, Julai na ile baridi yake ule utelezi wa kijani unaota hata kwa kabro. Mbao nazo zitaliwa na mchwa. Kokoto ni rahisi na maji yanapita vizuri, ila kama kuna mzee, mtoto wa kusukumwa ama mtu wa wilicheya, hazitamfaa.

Kabla chochote hakijawekwa, pitisha bomba tupu la plastiki chini ya njia kutoka upande mmoja hadi mwingine, la waya za taa ama maji ya bustani siku utakayotaka. Na agiza kabro za ziada kama 5 kati ya kila 100, kutoka mzigo huo huo. Usizifungie store. Ziweke nyuma ya tenki zipigwe jua na mvua pamoja na zenzake, ndio siku ukibadilisha moja isionekane kama kiraka.