Mashine pepe inayoonekana na chumba kizima: KVM kwenye Debian, hatua kwa hatua

Chumba chetu cha kompyuta hapa Chake Chake kina kompyuta kumi na mbili, zote Debian, na intaneti ya bando. Kila moja ilikuwa ikipakua masasisho yale yale kivyake, faili moja mara kumi na mbili. Dawa yake ni seva ndogo inayopakua mara moja, ikahifadhi, kisha ikazigawia nyingine. Mashine ya ziada hatuna, basi nikaiunda ndani ya kompyuta ya mwalimu kama mashine pepe, yaani kompyuta ya programu tu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi kwa KVM, uwezo uliomo ndani ya Linux. Kuunda mashine pepe ni kazi nyepesi. Mtandao wake ndio unaotaka utulivu, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

1. Pima prosesa

`grep -Ec 'vmx|svm' /proc/cpuinfo`

Ukipata 0, prosesa haionyeshi uwezo wa kuendesha mashine pepe, lakini usikate tamaa. Ingia kwenye BIOS utafute VT-x (Intel) au SVM (AMD), uiwashe. Mara nyingi imezimwa tu.

2. Weka programu

`sudo apt install qemu-system-x86 qemu-utils libvirt-daemon-system virtinst bridge-utils`

3. Jenga daraja

Libvirt, programu inayosimamia mashine pepe, inakuja na mtandao wake uitwao `default`, wenye anwani za 192.168.122.0/24, unaopita kwa NAT, yaani mashine pepe hujificha nyuma ya anwani ya kompyuta iliyoibeba. Mashine pepe itafika intaneti bila shida, lakini kompyuta za jirani hazitaweza kuifikia. Kwa kujifunzia yatosha. Kwa seva ya kuhudumia wenzake haifai.

Tunachotaka ni daraja, yaani swichi iliyomo ndani ya keneli, kiini cha Linux. Kadi ya mtandao inachomekwa humo, mashine pepe nayo humo humo, na ruta inaiona kama kompyuta nyingine yoyote chumbani.

Tumia waya, tafadhali. Mimi nilipoteza siku mbili nikijaribu kujenga daraja juu ya Wi-Fi, nikidhani nimekosea usanidi. Sikukosea. Kituo cha Wi-Fi hupokea fremu (vipande vya data) za anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, iliyojiunga nacho tu. Mashine pepe ina MAC yake yenyewe (za libvirt huanza na 52:54:00), kwa hiyo fremu zake hutupwa. Tulipovuta waya kutoka kwenye ruta, usanidi ule ule ulifanya kazi mara moja.

Tafuta jina la kadi yako kwa `ip link`. Yangu ni enp3s0. Kisha, ndani ya `/etc/network/interfaces`, futa mistari ya zamani ya kadi hiyo uandike:

```
iface enp3s0 inet manual

auto br0
iface br0 inet static
    address 192.168.1.10/24
    gateway 192.168.1.1
    bridge_ports enp3s0
    bridge_stp off
    bridge_fd 0
```

Anwani ya IP sasa ni ya daraja, si ya kadi tena. Hapo ndipo wengi wanapochanganya. Usiache `bridge_fd 0`: bila hiyo daraja hungoja sekunde 15 kabla ya kupitisha chochote, na mashine inayoomba anwani huweza kuchoka kungoja.

`sudo systemctl restart networking`

Fanya hatua hii ukiwa umekaa mbele ya kompyuta yenyewe. Ukiifanya kwa SSH ukiwa Unguja na ukakosea herufi moja, itakubidi upande boti.

4. Unda mashine

Weka ISO ya netinst (faili ya kusakinishia Debian kupitia intaneti) ndani ya `/var/lib/libvirt/images` kwa jina debian.iso.

```
sudo virt-install --name ghala --memory 1024 --vcpus 1 \
  --disk size=40 --network bridge=br0,model=virtio \
  --location /var/lib/libvirt/images/debian.iso \
  --osinfo debian11 --graphics none \
  --extra-args console=ttyS0
```

Usakinishaji utaendelea kwa maandishi papo hapo. Kutoka kwenye skrini ya mashine, bonyeza Ctrl na `]`.

5. Iweke kazini

Ndani ya ghala, ndilo jina tuliloipa mashine pepe: `sudo apt install apt-cacher-ng`. Kwenye ruta, ifungie MAC yake anwani moja isiyobadilika. Mimi nimeipa 192.168.1.20. Kisha kwenye kila kompyuta ya chumba andika faili `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy`:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.20:3142";`

Vyanzo vya apt viwe vya http, si https, la sivyo ghala halitaweza kuhifadhi kitu. Usihofie usalama: vifurushi vya Debian hukaguliwa kwa saini.

6. Umeme

Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, lakini bado unakatika. Ghala liwake lenyewe kila kompyuta inapowaka:

`sudo virsh autostart ghala`

Sasa sasisha kompyuta moja, halafu ya pili. Fungua `http://192.168.1.20:3142/acng-report.html` uangalie hesabu: ya pili itakuwa imechukua karibu kila kitu ghalani, bila kugusa bando.