Somo: kusafisha plagi ya nyuma ya gobore kabla haijaganda

Wakuu habari za jioni. Huku Masasi mvua zimeshaanza kunyesha na nguruwe nao washaanza kuulizia mahindi, kwa hiyo najua magobore mengi wiki hii yanashushwa darini. Leo naongelea ile plagi ya nyuma, kizibo kinachofunga mtutu upande wa kitako, pale pale baruti inapokaa. Kwanza niseme, hili somo ni la wenye leseni, maana chini ya ile sheria ya silaha ya 2015 hata gobore la kurithi bila karatasi ni kesi, usije kusema mi ndo nimekutuma.

Watu wanaipaka oili wanadhani wamemaliza. Mi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, nilirudi shamba saa nane usiku nimechoka nikapaka oili ya pikipiki juu juu nikalitundika, baada ya wiki tatu plagi haigeuki, nikaleta spana ya bomba nikaegemea na mwili wote, spana ikala kona zote nne plagi iko pale pale inaniangalia. Shida ni kwamba baruti nyeusi ikiungua inaacha masizi yenye chumvi za potasiamu, na hizo chumvi zinavuta maji kutoka hewani, na hewa yetu ya kusini kuanzia Desemba mpaka Aprili mnaijua. Oili haiyeyushi chumvi, inazifunika tu, ndani huko kutu inakula taratibu. Kinachoyeyusha ni maji. Ndiyo, maji, najua wazee watanipigia kelele.

Haya twende. Kabla ya chochote ondoa fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti, alafu chomeka mdeki, yaani ile fimbo ya kushindilia, kwenye mtutu mpaka uguse chini, weka alama na kidole usawa wa mdomo wa mtutu, utoe uulaze nje kando ya mtutu. Ukifika karibu na plagi, tupu. Ukipungukiwa vidole vitatu vinne, kuna mzigo ndani, basi acha kila kitu umpelekee fundi mwenye kibali.

Kama ni tupu, fungua kichuchu cha kuwekea fataki, kisha plagi yenyewe kama ni ile ya kisasa inayofunguka. Geuza kinyume na saa, tumia spana yake, sio ya kubahatisha, na iingie kabisa kabla hujavuta. Vitumbukize vyote kwenye kopo la maji ya moto na sabuni ya unga kidogo, utaona maji yanageuka meusi kama chai ya rangi iliyokaa jikoni tangu asubuhi, na harufu ya yai bovu, hiyo ni salfa, usishtuke. Dakika kumi zinatosha.

Sasa hapa tulia, maana hapa ndo penye kazi. Chukua mswaki mkuukuu usugue kwenye thredi, ile mifereji ya kuzungushia kama ya skrubu, mfereji mmoja mmoja, usizungushe haraka haraka. Masizi yaliyoganda chini ya mfereji yachokonoe kwa kijiti cha mwanzi, usitumie msumari wala msasa, thredi ikishalika hairudi. Katundu ka moto, kale kanakopitisha cheche ya fataki kwenda kwenye baruti, mi napitisha ile sindano ya stovu ya mafuta ya taa, alafu unyoya wa kuku kukaushia. Angalia juani, ukiona mwanga upande wa pili basi. Usisahau na thredi za ndani ya mtutu, wengi wanasafisha plagi tu wanairudisha kwenye uchafu.

Suuza na maji mengine ya moto sana, chuma kikiwa cha moto kinajikausha chenyewe, futa, paka grisi ya shaba nyembamba kwenye thredi, au zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba raundi moja. Rudisha kwa vidole kwanza, ikikataa usilazimishe, toa uanze upya. Spana ni ya mwisho kabisa, kaza ikae, sio mpaka mishipa ikutoke.

MASWALI

Mkulima wa Tandahimba: Njomba, la kwangu la babu, plagi haina hata pa kushikia spana. Nafanyaje?

Jibu: Hiyo haikutengenezwa ifunguliwe, iache. Toa kichuchu tu, simamisha mtutu nyuma yake iwe ndani ya ndoo, funga kitambaa kwenye mdeki usukume na kuvuta kama pampu ya baiskeli, maji yanaingia na kutoka kwenye tundu la kichuchu. Badilisha maji mpaka yawe meupe.

Shemeji wa Nachingwea: Ya kwangu imeganda mwaka wa pili, jirani anasema niichome kwenye mkaa italegea.

Jibu: Shemeji usithubutu! Baruti ikibaki hata kijiko kimoja humo ndani jirani atakuja kwenye matanga. Na chuma cha mtutu kikipata moto mkali kinapoteza ugumu wake. Weka dawa ya kutu kila jioni siku nne tano, ikigoma mpe fundi mwenye kibali.

Mwana Mikindani: Kisima chetu maji yana chumvi, yanafaa?

Jibu: Swali zuri. Hapana, utakuwa umetoa chumvi umeweka chumvi. Kinga maji ya mvua, bati moja linatosha.

Mama Shamba, Liwale: Mafuta ya nazi je? Mume wangu anapaka hayo miaka yote.

Jibu: Mama, ya nazi ya kukamua nyumbani mara nyingi yanabaki na majimaji, hayo ndo yanaleta kutu. Kama hana mengine ayachemshe kwanza mpaka yaache kulia. Na kabla ya kushindilia baruti afute mafuta yote, apime tena na mdeki kuwa ni tupu, aelekeze mtutu kwenye jani pale chini apige fataki moja peke yake. Jani likiruka njia iko wazi.

Mkulima wa Tandahimba: Na moshi ukitokea nyuma kwenye plagi?

Jibu: Hapo usipige tena hata moja njomba, thredi zimekwisha, na kinachofuata kutoka hapo sio moshi.