Mambo ya kuzingatia kabla ya kupiga hesabu ya rezista sambamba

Kwanza hakikisha rezista zako, yaani vile vipande vya kupunguza mkondo wa umeme, ni sambamba kweli. Miguu ya upande mmoja yote ikutane mahali pamoja, na ya upande wa pili vivyo hivyo. Zikifuatana moja baada ya nyingine, huo ni mfululizo: jumlisha uende zako.

Vipimo viwe vya aina moja. Omu ni kipimo cha ukinzani wa rezista, na kiloomu 1 ni omu 1,000.

Kisha gawanya 1 kwa kila rezista, jumlisha, halafu ugawanye 1 kwa jumla hiyo. Hatua ya mwisho ndiyo wengi huisahau. Omu 10, 20 na 30 zinakupa 0.1 + 0.05 + 0.0333, yaani 0.1833. Hilo si jibu bado! Jibu ni omu 5.45. Njia ya mkato ya kuzidisha mbili na kugawanya kwa jumla yao ni ya rezista mbili tu. Ukiilazimisha kwa hizi tatu utapata 100, upuuzi mtupu.

Na kabla hujashika kalkuleta, jua jibu litaangukia wapi. Ni lazima liwe dogo kuliko rezista ndogo kuliko zote, kwa sababu kila unayoongeza inaufungulia mkondo njia nyingine ya kupita. Watu huitikia hili kwa kichwa, kisha hulisahau wakishika waya. Kuna matatu niliyoikuta gereji, karibu na Kirinyaga Road, amplifaya yake imeandikwa isishuke chini ya omu 2. Ilikuwa na spika mbili za omu 4 sambamba (spika nazo huhesabiwa kama rezista), jumla omu 2 kamili, inalia vizuri. Mwenye gari akataka kishindo zaidi. Fundi akaongeza mbili za aina ileile palepale, akisema nne mara nne ni kumi na sita, mashine itapumzika. Kumbe imebaki omu 1, na mkondo umekuwa maradufu. Fyuzi ikakatika. Wakaweka nyingine, ikakatika. Mtu akafunga uzi wa shaba mahali pa fyuzi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tulipofungua kifuniko, transista moja ilikuwa imepasuka ubavuni na bodi imeungua rangi ya kahawa. Makanga na fundi wakabaki kubishana nani alipe, kana kwamba ni fyuzi iliyokosea.

Ukishapata omu, usikimbilie kuchomelea. Angalia wati. Rezista mbili za omu 100 sambamba ni omu 50, sawa, lakini kwenye volti 12 kila moja bado inakula wati 1.44. Zile nyembamba za nusu wati unazopimiwa kiganjani kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, zitageuka nyeusi hata kama hesabu yako haina kosa. Zikiwa tofauti, ile yenye omu chache ndiyo hupata joto zaidi.

Mstari wa dhahabu kwenye rezista una maana ya asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo usishangae mita ikikataa kukubaliana na daftari. Usipime rezista ikiwa bado bodini, maana mita inasoma na majirani zake. Zima umeme, kapasita zimwage chaji, na kwa rezista za omu nyingi usibane ncha zote mbili kwa vidole: mwili wako nao unaingia sambamba.